Jani la Sale na Deni Lenye Jina Langu

Wiki iliyopita niliishia mbele ya meza ya Dada Victoria, ofisa wa kodi pale Moshi mjini. Alikuwa ameigeuza kompyuta yake ili nijionee mwenyewe. Juu kabisa palikuwa na jina langu, Dominika Rogath. Chini yake paliandikwa mpiga video, mmiliki wa biashara. Chini yake tena lilikuwa deni la kodi la miaka mitatu, milioni kumi na tatu na laki mbili.

Mimi niliyeishia darasa la tano. Mimi ninayelipwa elfu kumi na tano kwa harusi moja, na mara nyingine nalipwa sahani ya pilau.

Anayeanza kusoma leo ajue hili tu. Baba alipofariki, mdogo wake aitwaye Wenseslaus, mwenye studio ya video mjini, alinichukua nimshikie taa. Baadaye akanipa kamera. Nikaipenda kwa sababu ukiwa nyuma ya kamera hakuna anayekuangalia. Miaka mitatu iliyopita akanipeleka mahali nikaweka dole gumba, akasema ni kwa ajili ya kitambulisho cha kazi.

Sikuuliza. Kuuliza kwangu ni kazi kubwa kuliko kubeba mawe. Hilo ndilo kosa langu la kwanza na nalikiri hapa.

Kumbe tangu siku ile kila mkataba wa studio, wa vyuo, wa makampuni ya kupandisha watalii mlimani, ulikuwa ukiandikwa kwa jina langu. Wateja walikuwa wakikata kodi kidogo kwenye malipo na kuipeleka kwa namba yangu ya mlipakodi. Kwa hiyo ofisi ilijua kila shilingi iliyoingia. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

"Mdogo wangu," Dada Victoria aliniambia, "kodi haitozwi kwenye pesa yote. Inatozwa kwenye kinachobaki ukishatoa gharama za kazi. Mafuta, betri, taa, kukodi mitambo, posho ya msaidizi. Ukileta risiti, tunazitoa. Usipoleta, tunahesabu kwamba zote ni faida. Una risiti?"

Hapo nikainua uso kwa mara ya kwanza.

"Ninazo, dada. Zimejaa kopo."

Ninazo kweli. Baba mdogo alikuwa akizitupa mapajani mwangu kila tukitoka kazini. "Tunza hizi, Domi. Kila karatasi hapa ni pesa." Nilizitunza kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na mama akaniambia nimwachie yeye, atazipeleka mahali ambapo panya hawafiki.

Nilipanda hadi kwetu Kibosho nikiwa na raha ya ajabu. Nikamkuta mama anapika kiburu, ndizi zimeshalainika na maharage yake.

"Mama, lile kopo."

"Liko darini, juu ya meko, palepale. Panya hawajagusa hata moja."

Nikapanda ngazi. Kopo lilikuwa la moto, moshi wa miaka mitatu umeligandia. Nikashuka nalo, nikalifungua kwenye mwanga wa mlango.

Zilikuwa nyeusi. Nyeusi tii, kila moja, toka ya juu mpaka ya chini.

"Zimeungua?" mama akauliza.

"Hazijaungua. Zimepikwa."

"Mbona vyeti vya ubatizo viko huko huko juu miaka ishirini na havijawa vyeusi?"

"Vile ni wino, mama. Hizi ni karatasi za mashine, zinaandikwa kwa joto. Zikipata joto tena zinajiandika zote."

Mama akaishika moja, akaigeuza, akaigeuza tena kama mtu anayetafuta upande wa mbele wa kanga.

"Na kwenye hii hawawezi kusoma hata kidogo?"

Kwetu kitu cha thamani huwekwa juu ya meko. Mbegu, vyeti, barua za marehemu baba, vyote viko pale na vyote vimepona. Mama alizitunza risiti zangu kama alivyozitunza barua za baba.

Jumanne nikazipeleka hivyo hivyo. Jamaa mmoja wa vipuri vya pikipiki, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, akachungulia ndani ya kopo.

"Dada, hizo ni risiti au umetuletea mkaa?"

Watu wakacheka. Mimi nikatazama sakafu.

Dada Victoria hakucheka. Aliinua moja akaielekeza dirishani, akaishusha, akachukua nyingine.

"Maduka mengine wanaweza kukutolea nakala, kama unakumbuka tarehe."

"Sikumbuki, dada."

"Na kamera je? Kamera ni gharama kubwa. Ina karatasi za kununulia?"

Kamera ile ilivuka mpaka wa Holili kwa magendo, ndani ya gunia la vitunguu. Hilo nililijua, maana gunia nilibeba mimi.

Dada Victoria aliniangalia kwa muda, kisha akafunga kopo mwenyewe, taratibu.

"Basi kamera tuiache. Dominika, niangalie. Hizi kazi umezifanya wewe?"

"Nimezipiga mimi."

"Pesa ulipokea wewe?"

Nikalivuta kopo upande wangu.

"Alipokea nani?"

"Sijui kusema, dada."

"Unajua. Unaogopa." Akavuta kalenda. "Pingamizi lazima liingie ndani ya siku thelathini. Leo ni ya ishirini na sita. Ya thelathini ni Jumamosi, tumefunga, kwa hiyo mwisho wako ni Ijumaa saa tisa na nusu. Kama biashara si yako, andika ni ya nani na ulete ushahidi. Aliyetumia jina lako atahojiwa. Aliyempa kitambulisho chako naye atahojiwa. Lakini maneno matupu hayatoshi. Ukinyamaza, deni ni lako, na wewe si mtoto."

Nikatoka na kopo langu kwapani.

Jumatano asubuhi nilikuwa na shida nyingine, ndogo. Jumamosi kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa jirani na kadi yangu ya kamera ilikuwa mbovu. Kwenye harusi ya mwisho ilizima katikati ya kiapo. Bibi harusi alisema ndiyo, kadi ikasema hapana. Mpaka leo wale watu hawajanisalimia.

Nikaamua kuijaribu. Nikaweka kamera kwenye miguu yake pale pembeni ya sebule, chini ya picha ya Bikira Maria, nikaiwasha irekodi mfululizo mpaka kadi ijae, nione kama itazima tena. Taa yake nyekundu niliziba na plasta zamani, kwa sababu wazee kwenye sherehe wakiiona wanaacha kutafuna. Kamera kusimama pale kwetu si jambo geni. Wageni huitundikia hata kofia.

Mama akaingia.

"Nenda kakate majani ya ng'ombe."

"Yapo ya jana, mama."

"Hayatoshi. Nenda kule chini mtoni, ndiko kuna mazuri."

Nikachukua mundu nikaenda. Sikuuliza, kama kawaida yangu.

Niliporudi na mzigo kichwani nikaona viatu mlangoni. Viatu vya Baba mdogo Wenseslaus, vile vyenye ncha. Na fimbo ya Meku Theodory, mzee wa ukoo wetu, imeegemezwa ukutani. Meku hatoki kwake kwa jambo dogo. Nikatua majani, nikajifuta, nikaingia.

"Shikamoo, Meku. Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mjukuu wangu," Meku akaitikia. "Usikae. Kwanza simama hapo."

Baba mdogo alikuwa amesimama kama mtu aliye kanisani. Mkononi alishika jani la sale, limefungwa fundo. Akaninyooshea.

"Pokea," Meku akasema.

"Napokea kwa ajili ya nini, Meku?"

Mzee akakunja uso.

"Tangu lini sale ikaulizwa maswali? Huyu ni baba yako. Amekukosea, anakuomba. Pokea kwanza."

Wasiotoka kwetu nitawaeleza kwa ufupi. Sale ndiyo ule mmea mwembamba uliopandwa kwenye mipaka ya vihamba vyetu, yale mashamba ya ukoo. Aliyekukosea akikuletea jani lake, hukatai. Hata aliyeuliwa ng'ombe, hata aliyeuliwa ndugu, anapokea, na anapokea kwa mkono wa kulia. Ukishapokea, jambo limezikwa. Hulipeleki kwa mwenyekiti wala polisi wala mahakamani. Kukataa ni kujitoa katika ukoo wa walio hai na wa waliokufa.

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi.

Nikapokea. Hilo ndilo kosa langu la pili.

Baba mdogo akashusha pumzi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Akakaa kwenye kiti kizuri, akakunja nne.

"Sasa naweza kusema bila hofu. TIN yangu mimi, ile namba ya mlipakodi, ilikuwa na deni la zamani, wangenifungia studio. Nikatumia ya kwako. Mikataba yangu, pesa zangu, jina lako. Basi, ni hilo tu."

"Milioni kumi na tatu, baba mdogo."

"Tutalipa kidogo kidogo. Kahawa ikiuzwa tutaona."

"Dada wa kodi amesema mwisho Ijumaa."

"Mwache aseme. Wewe kaa kimya, waambie umeshindwa. Msichana wa darasa la tano watamfanya nini? Watachoka wenyewe."

"Wakichukua kamera?"

"Kamera ni yangu," akasema, akacheka. "Na wewe siku hizi umejifunza kuongea eeh? Shemeji, huyu mtoto mnamlisha nini?"

Mama hakucheka. Akammiminia mbege. Meku Theodory akanywa wa kwanza, akampa Baba mdogo, Baba mdogo akanipa mimi kibuyu. Nikagusisha mdomo.

"Neno limekwisha," Meku akasema. "Aika, asanteni. Mungu awabariki."

Wakavaa viatu wakaondoka. Nikabaki katikati ya sebule na jani mkononi.

Ndipo nikaikumbuka kamera.

Nilisogea nikatazama kioo chake kidogo. Namba zilikuwa bado zinakimbia. Ilikuwa imerekodi kwa saa mbili na dakika arobaini. Kadi iliyokataa kiapo cha harusi haikuzima hata sekunde moja.

Nikaizima, nikaenda nayo zizini, nikavaa spika za masikioni, nikarudisha nyuma kidogo tu. Sauti ya Baba mdogo ikaja safi, kama yuko ndani ya kichwa changu. Mikataba yangu, pesa zangu, jina lako.

Ng'ombe akanitazama. Nikajikuta nacheka peke yangu, halafu kicheko kikaniishia. Ushahidi nilikuwa nao mkono mmoja, na mkono wa pili nilikuwa bado nimeshika sale.

Alhamisi nzima nilizunguka na vitu viwili mfukoni mwa gauni. Kadi haina uzito, jani halina uzito, lakini nilitembea kama nimebeba tofali.

Mama alikuwa anachambua maharage barazani. Nikakaa karibu naye.

"Mama, sale ikipokelewa na mtu asiyejua kosa lenyewe, nayo ni sale?"

Vidole vyake vikasimama.

"Nani amekutuma uulize?"

"Nauliza tu."

"Jani halina macho, Dominika. Halijui kama ulijua au hukujua."

"Na aliyelileta? Naye hana macho?"

Mama akamwaga maharage yote kwenye ungo kwa pamoja, mazuri na mabovu.

"Kalete maji," akasema.

Nilileta maji. Lakini wakati nayachota nilikuwa nimeshaamua, na uamuzi wenyewe ulinishangaza. Kama jina langu linaweza kusaini mikataba bila mimi, basi siku moja na mimi nisaini kitu bila wao.

Ijumaa mchana nikavaa gauni la kanisani, nikaweka kamera begani.

"Unaenda wapi na kamera?" mama akauliza.

"Kazini."

"Kazi gani Ijumaa?"

"Ya mjini, mama."

Nilikuwa sijawahi kumdanganya mama kabla ya siku hiyo. Aliniangalia mpaka nikapotea kwenye migomba. Nilihisi macho yake mgongoni hata nikiwa juu ya pikipiki.

Nilifika ofisini saa nane na nusu, foleni ikanifikisha mbele ya Dada Victoria karibu saa tisa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeleta risiti?"

"Nimeleta video."

Nikamvalisha spika mwenyewe, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na makaratasi. Nikamwekea kile kipande. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipofika mahali pa milioni kumi na tatu, akaacha kupiga piga kalamu.

"Huyu ni nani?"

Pale ndipo palikuwa pagumu. Nilihisi jani likiniwasha mfukoni kama upupu.

"Ni baba yangu mdogo. Wenseslaus. Studio ni yake."

Nilisema. Dunia haikupasuka. Nje mtu alikuwa anapiga honi, mwingine anamtukana.

Dada Victoria akavua spika.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakihitaji. Lakini siwezi kupokea kipande. Ukinipa kipande, yeye atasema umekata mwanzo. Nahitaji kadi yenyewe, yote, haijaguswa, na wenzangu wataitazama toka mwanzo hadi mwisho. Wewe umeitazama yote?"

"Mwisho tu, dada."

"Sawa. Ngoja nikachukue fomu na bahasha. Fikiria vizuri, mdogo wangu, kwa sababu ukishaniwekea mkononi siwezi kukurudishia."

Akatoka. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika tano.

Sijui kwa nini nilivaa zile spika. Labda ni tabia ya kazi. Mpiga video hatoi kazi ambayo hajaitazama. Nikarudisha mpaka mwanzo kabisa.

Nikajiona mwenyewe natoka na mundu. Nikamwona mama anafuta viti, anasimama, anafuta tena. Nikakimbiza mbele. Mlango ukafunguka, Baba mdogo akaingia peke yake. Meku alikuwa bado hajafika.

"Ameenda?"

"Ameenda mtoni," mama akasema. "Shemeji, hili jambo limekuwa kubwa."

"Litakwisha leo. Meku yuko njiani."

"Na akiuliza kitambulisho chake ulikipata wapi?"

"Nani amuulize? Huyo huwa anauliza?"

Mama akakaa. Nilimwona akiishika mikono yake miwili kwa nguvu, kama mtu anayekamua nguo.

"Tulikubaliana kitambulisho," akasema. "Hatukukubaliana milioni kumi na tatu. Ulisema nikikupa, hakuna mtu wa ukoo atakayenitoa kwenye kihamba hiki. Mimi sina mtoto wa kiume, nikakupa. Nilidhani jina ni kama moto wa jikoni. Jirani akija kuazima kaa, la kwako halipungui."

"Na nani amekutoa? Si uko hapa? Si unalala pembeni ya kaburi la mumeo?" Baba mdogo hakupandisha sauti. "Ukitaka kuendelea kuwa hapa, mtoto apokee sale leo. Akikataa, mimi sitakuwa na nguvu ya kukutetea mbele ya ukoo."

Namba zilikimbia. Nilihesabu sekunde kumi na moja.

"Atapokea," mama akasema. "Hajui kukataa. Nilimlea hivyo."

Nikasimamisha video. Uso wa mama ukaganda pale kwenye kioo kidogo kuliko kiganja, mdomo umefunguka nusu.

Aliyempa kitambulisho chako naye atahojiwa. Maneno hayo aliyasema Dada Victoria Jumanne, na mimi niliyasikiliza kama yanamhusu mtu mwingine.

Nikafikiria kufuta ule mwanzo. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Lakini alishasema, ukikata, ushahidi umekufa. Nikimtoa mama ndani ya kadi, ninamtoa na Baba mdogo. Nikimwacha Baba mdogo, ninamwacha na mama. Na nisipotoa kitu, ninabaki mimi, mmiliki wa biashara, na milioni zangu kumi na tatu.

Dada Victoria akarudi na bahasha ya kaki. Akakaa, akaandika jina langu juu yake kwa herufi kubwa, vizuri, kuliko mtu yeyote alivyowahi kuliandika.

"Umeamua?"

Nikafungua ubavu wa kamera, nikatoa kadi. Ndogo kama kucha ya dole gumba, lile lile nililowekea ile alama miaka mitatu iliyopita.

Akanyoosha mkono.

"Dada Victoria, samahani." Alikuwa mlinzi wa mlangoni. "Kuna mama hapa, nimemwambia tunakaribia kufunga, hasikii. Anasema ana mtoto wake humu ndani."

Kabla hajamaliza, mama alikuwa ameshampita.

Mama yangu haji mjini ila kwa kliniki. Alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka na viatu vimejaa tope la kwetu. Alitazama meza. Akaiona kamera. Akaziona spika shingoni kwangu. Kisha akanitazama usoni, nikajua kwamba hakuna haja ya kumweleza chochote.

Alikuwa ameshika gazeti lililokunjwa. Akalikunjua taratibu. Ndani palikuwa na jani la sale, bichi, fundo lake bado lina unyevu.

"Dominika," akasema, "ile ya juzi ilikuwa ya Wenseslaus. Hii ni ya kwangu."

"Ya nini, mama?"

Niliuliza. Mbele ya ofisa, mbele ya mlinzi, mbele ya watu wa foleni, niliuliza.

Nilingoja aseme amekuja kuniomba ninyamaze, au amekuja kusema mwenyewe mbele ya Dada Victoria yale niliyotoka kuyasikia.

"Pokea kwanza," mama akasema.

Dada Victoria hakuurudisha mkono wake. Uliendelea kuwa pale juu ya bahasha, kiganja wazi. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na nane.

Mama akapiga magoti kwenye sakafu ya ofisi ya watu, akaniinulia jani.

Sale hupokelewa kwa mkono wa kulia. Na kadi ilikuwa mkononi mwangu wa kulia.